Maji ya Chumvi Kifuani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Saikal alikuwa na kazi zake. Alimshika ndama wakati Bibi akimkamua ng'ombe, akawasha jiko kwa kinyesi kikavu cha kondoo, kisha akamimina chai ya maziwa kwenye mabakuli matatu: la Babu, la Bibi na la kwake. Mwisho alimpelekea mbwa wao, Akdosh, makombo ya mkate. Hapo hakuwa na haraka. Alimkumbatia shingoni, akalaza shavu kwenye manyoya yake yenye joto, na mbwa akamlamba mikono mpaka vidoleni. Kwa siku nzima iliyobaki hapakuwa na mwingine wa kumkumbatia.

Si kwamba hakupendwa, la! Alikuwa mtoto wa kwanza, na huko kwao milimani mtoto wa kwanza hulelewa na babu na bibi. Wazazi wake walikuwa Moscow, baba akijenga maghorofa na mama akifagia sokoni, na walipiga simu kila Jumapili. Bibi Batma alimpenda mjukuu wake kupita kiasi. Shida ni kwamba Bibi Batma mdomo wake haukufungika wala mikono yake haikutulia, na ukitaka kumweleza jambo la moyoni ilibidi umkimbilie kutoka zizini hadi jikoni, naye bado angekukatiza akutume ndoo. Babu Toktosun yeye alizungumza zaidi na kondoo.

Mwaka ule, Saikal alipokuwa darasa la sita, alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, cha kukwaruza, na upande wa kulia wa kifua kulikuwa na kitu kizito kisichoondoka.

"Trekta limewaka!" Mirlan wa dawati la nyuma alipiga kelele kila Saikal alipokohoa darasani. "Funikeni vikombe vyenu, jamani!"

Darasa zima liliangua kicheko. Aidai, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, hakucheka. Lakini asubuhi moja alianza kukusanya vitabu vyake taratibu, bila kumtazama.

"Mama amesema nihame," alinong'ona. "Anasema una kifua kikuu."

"Sina!"

"Mimi najua. Lakini ndivyo alivyosema."

Basi Saikal akabaki na dawati zima peke yake. Aliweka mkoba wake upande wa Aidai ili pasionekane patupu, na wakati wa mapumziko alijifanya ana kazi ya kumalizia.

Mwezi wa Novemba, watu walipoanza kuchinja mifugo ili kuweka nyama ya majira ya baridi, Bibi Batma aliinuka na kujishika kiuno. "Kikohozi hiki kimenichosha!" alisema. "Leo tunakifukuza."

Babu alichinja mbuzi. Kina mama majirani wakaja, Saikal akavuliwa shati, na Bibi akalichukua pafu la mbuzi lingali na moto, akaanza kumpiga nalo mgongoni na kifuani, pa, pa, pa! Hivyo ndivyo bibi yake yeye alivyofanya, na bibi wa bibi yake.

"Toka! Toka, nenda zako!" alifoka Bibi.

"Kimetoka!" wakaitikia majirani.

Kisha akamrushia Akdosh lile pafu ili aondoke na ugonjwa. Pafu lilikuwa na malengelenge meupe yaliyojaa maji, lakini hakuna aliyeshangaa. Mapafu ya namna hiyo yalionekana kila siku. Pafu la kondoo lisilo na doa Bibi alilijaza maziwa na viungo akalichemsha, na hicho kilikuwa chakula cha kugombaniwa. Lile lenye malengelenge halishiki maziwa, basi lilikuwa la mbwa. Ndivyo kila nyumba ilivyofanya.

"Haya, mwanangu," Bibi alisema huku akihema, macho yakimng'aa. "Umepona?"

Majirani wote walikuwa wakimtazama. Wewe ungejibu nini?

"Nimepona, Bibi," alisema Saikal.

Tangu siku ile akawa anakohoa nyuma ya zizi, au anauma mto usiku. Bibi naye alitangaza kijiji kizima. "Mjukuu wangu? Mzima kama mwana farasi! Nimemtibu kwa mikono yangu hii!" Saikal alisikia akatamani kuzama ardhini.

Kisha ikaja ile siku ya Februari. Alikuwa amebeba nyasi kavu kuwapelekea kondoo, peke yake, theluji ikiwa magotini. Ghafla kitu kilichanika ndani ya kifua chake. Akakohoa, akakohoa tena, na mdomo ukajaa maji, maji mengi ya chumvi kama ya machozi, yenye vipande vyembamba mithili ya ngozi ya ndani ya yai. Aliyatema kwenye theluji. Akakaa juu ya nyasi. Jioni ngozi ilimwasha mwili mzima, asubuhi ikatulia.

Aliifukia ile theluji kwa kiatu na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Bibi alikuwa bado anapongezwa. Jumapili mama alipopiga simu, shangazi na binamu walikuwa wamejaa chumbani, na kila mmoja aligombea kusema.

"U mzima, kipenzi changu?" aliuliza mama kutoka mbali.

"Mzima, Mama."

"Unakula?"

"Nakula."

Mwingine akaichukua simu. Saikal akatoka nje kwa Akdosh, akakaa naye mpaka baridi ikamrudisha ndani.

Mwezi wa Aprili gari la eksirei lilifika shuleni kupima vifua vya wanafunzi wote. Saikal alivua sweta, akabana pumzi alivyoambiwa, akavaa, akaenda zake. Kesho yake mwalimu alimwita Bibi. Muuguzi aliwaonyesha picha: katikati ya pafu la kulia kulikuwa na duara kubwa jeupe.

"Mpelekeni mjini Bishkek, hospitali kubwa," alisema muuguzi. "Msikawie."

"Mashine yenu mbovu!" Bibi Batma aliwaka. "Huyu nimemtibu mwenyewe, kijiji kizima ni shahidi!"

Alibisha mpaka jioni, lakini kesho yake alfajiri alikuwa amefunga kitambaa chake kizuri na kukodi viti viwili kwenye gari la abiria. Walivuka milima bila Bibi kusema neno. Saikal aliogopa zaidi kwa ukimya ule kuliko kwa lile duara.

Daktari wa upasuaji aliitwa Gulzina. Alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya koti lake ameikunja, na alizungumza kama watu wa milimani kwa sababu naye alizaliwa malishoni. Alimpima Saikal, akampiga picha nyingine, akamchukua damu, halafu akawaita wote wawili ofisini.

"Si kifua kikuu," alisema. "Ni mfuko wa maji ndani ya pafu. Mama, nyumbani mna mbwa?"

"Mfugaji gani hana mbwa?" Bibi alijibu.

"Na pafu la kondoo lenye malengelenge ya maji, mnalifanyaje?"

"Hilo halishiki maziwa. Tunampa..."

"Mnampa mbwa," Daktari Gulzina alimalizia kwa upole. "Hata kwetu tulimpa. Yale malengelenge yana watoto wa mnyoo. Mbwa akiyala, minyoo hukua tumboni mwake na kutaga mayai. Mayai hushika kwenye manyoya yake. Mtoto akimkumbatia mbwa, kisha akala mkate bila kunawa, yai linaingia tumboni, linasafiri kwa damu hadi kwenye pafu, linageuka mfuko kama huu."

Bibi alijishika mdomo. Saikal alimwona akitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyolirusha pafu la mbuzi. Uso wake ulinywea akaonekana mzee sana, na Saikal alimhurumia.

"Mtamwua Akdosh?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani kasema? Atapewa dawa ya minyoo mara kwa mara, wala hatakula tena mapafu. Mapafu hayo yachomwe au yafukiwe shimo refu. Na wewe mikono yako sabuni, umenisikia? Sasa tuzungumze habari za kuutoa mfuko." Daktari alivuta kiti. "Njia ziko mbili. Ya kwanza ni ya zamani: tunapasua kifua kwa ubavuni, mkato mrefu, tunapanua mbavu. Kidonda kinauma na mgonjwa anakaa sana hospitali. Ya pili ni matundu madogo matatu. Kwenye tundu moja tunaingiza kamera nyembamba, kwenye mengine vyombo vya kufanyia kazi, na sisi tunatazama kwenye skrini."

"Kwa tundu?" Bibi alisema. "Binti yangu, mimi nikichungulia tundu la mlango hata jirani simtambui. Wewe utatoa mfuko?"

Daktari Gulzina alicheka. "Kamera inaona kuliko macho yangu, Mama. Na maumivu ni machache, anarudi nyumbani mapema. Lakini njia hii inafaa zaidi kama mfuko ni mzima, haujachanika."

Walimpigia simu baba. Baba alisikiliza, nyuma yake mashine za ujenzi zikinguruma. "Matundu," alisema. "Kama yanafaa, matundu. Mtoto wangu asikatwe bure."

Daktari akamgeukia Saikal. "Sasa swali moja, na hili ni lako peke yako. Umewahi kukohoa maji mengi kwa ghafla? Ya chumvi, kama machozi?"

Saikal alipiga hesabu. Akisema ndiyo, atapasuliwa mkato mrefu na kukaa hospitali peke yake sijui mpaka lini. Akisema ndiyo, Bibi atajua kwamba siku ile ya mbuzi hakupona, kwamba alimdanganya mbele ya majirani. Na Bibi alikuwa bado anatazama mikono yake.

"Hapana," alisema.

"Kweli?"

"Kweli."

Daktari aliitazama picha tena. Ukingo mmoja wa mfuko ulikuwa na ukungu kidogo. Aliiinua ile picha karibu na taa.

Bibi hakuweza kukaa mjini. Kondoo walikuwa wanazaa, na Babu na goti lake bovu alikuwa peke yake. "Nitarudi siku ya upasuaji," alisema, akimfunga mjukuu wake vifungo vya sweta ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. "Utaweza kukaa?"

"Nenda tu, Bibi. Mimi mkubwa sasa."

Na huo nao ulikuwa uongo. Bibi alipopotea kwenye korido, Saikal alirudi kitandani, akageukia ukuta.

Kitanda cha pili kilikuwa na mtoto mdogo aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo. Mama yake hakumwacha hata dakika. Alimlisha kwa kijiko, akampangusa, akamwimbia kwa sauti ya chini, na akilala alilala ukingoni mwa kitanda bila kujinyoosha. Alikuwa mwema, alimgawia Saikal tufaha na maandazi. Lakini kila alipoimba, Saikal alijifunika shuka usoni. Mchana ulikuwa mrefu. Alitazama dirishani watu wakija na mifuko ya chakula, akijua hakuna hata mmoja ajaye kwake. Hata kukohoa alikohoa polepole, asije mtu akamuuliza.

Siku moja kabla ya upasuaji, Daktari Gulzina aliingia na kalamu ya wino wa bluu. "Inua mkono, Saikal. Nataka kuchora milango yangu." Akamchora nukta chini ya kwapa, nyingine ubavuni, ya tatu nyuma kidogo. "Hapa, hapa na hapa. Inatekenya?"

"Kidogo."

"Kesho utapewa dawa, utalala, hutasikia lolote. Mwenzangu wa dawa ya usingizi ataangalia pumzi zako, mimi nitaangalia skrini." Alifunika kalamu. "Ndiyo maana nakusumbua kwa maswali leo. Ukishalala sina wa kumwuliza. Nitakuwa nafanya kazi kwa yale uliyoniambia."

Alisimama, akafika mlangoni. Saikal alizitazama zile nukta. Aliwaza daktari akiwa amesimama kesho mbele ya skrini, akimwamini, naye amelala hawezi kusema kitu.

"Daktari!"

"Naam?"

"Nilikohoa. Yale maji." Machozi yalikuwa yameshamtoka. "Mwezi wa Februari. Yalikuwa ya chumvi, na vipande vyeupe. Nilidanganya."

Daktari Gulzina alirudi, akakaa kitandani. Hakugomba. Aliuliza yalikuwa mengi kiasi gani, kama mwili uliwasha, kama yalirudi tena, na Saikal akamjibu yote, hata ya kwenye theluji.

"Kwa nini hukusema?"

"Bibi alikuwa na furaha sana. Alidhani amenitibu."

Daktari alishusha pumzi. "Basi kesho hatufanyi. Nataka picha nyingine kwanza. Na matundu siwezi kukuahidi tena, nisikudanganye na mimi. Bibi yako ni lazima ajue, kwa sababu mpango ukibadilika idhini ni yake na wazazi wako. Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

Saikal alifikiri. "Mimi."

Alipiga kwa simu ya daktari, ikaita sana. Kisha ikasikika milio ya wana-kondoo na sauti ya Bibi: "Nani huyo? Sema upesi, nina kondoo ananizalia hapa!"

"Ni mimi, Bibi. Bibi, sikupona. Siku ile ya mbuzi sikupona. Nilisema tu."

Upande wa pili ndoo ilianguka kwa kishindo.  

"Bibi?"

"Nipo," alisema Bibi, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Nakuja."

Alifika kesho yake akinuka zizi, kitambaa cha kazi kichwani, kwani hakusimama hata kubadilisha nguo. Picha mpya ilionyesha mfuko umetoboka kwenye mrija wa hewa, na maji yaliyobaki yangeweza kumwagika wakati wowote. Daktari Gulzina aliwaeleza yote, akawapigia na baba na mama. Wangeanza kwa kamera, na ikibidi wangelipanua tundu moja. Pafu la kushoto lingetengwa kwa mpira maalumu wa kupumulia tangu mwanzo, maji yasivuke kwenda huko. Mama alilia kwenye simu, akasema anatafuta tiketi. Bibi alikubali kwa kutikisa kichwa tu.

Saikal alipozinduka, kitu cha kwanza alichokiona ni mpira uliotoka ubavuni mwake kwenda kwenye chupa sakafuni. Cha pili ni uso wa daktari.

"Mfuko umetoka, wote," alisema Daktari Gulzina. "Matundu mawili madogo, na la tatu nimelipanua kama urefu wa kidole chako. Nikuambie kitu? Nilipougusa tu, maji yalimwagika. Kama tusingelitenga lile pafu jingine, yangejaa humo nawe umelala, na mimi ningekuwa nahangaika na kitu nisichokijua. Leo umenisaidia kazi kuliko hata kamera."

Akaondoka. Bibi akasogeza kiti karibu. Aliunyoosha ukingo wa shuka.

"Nisikilize, Saikal," alisema. "Mimi nina kosa langu. Nilikuuliza kama umepona mbele ya majirani wamekutolea macho. Mtu akiuliza namna ile haulizi, anataka kusifiwa. Na majirani nitawaambia mwenyewe, na lile pafu nililomlisha mbwa nitawaambia, wanicheke wakitaka. Lakini na wewe una lako. Ndani ya mwili wako yumo nani? Wewe peke yako. Mimi niko nje, baba na mama yako wako nje, hata daktari na mashine zake zote ilimbidi akuulize. Ukificha ugonjwa ili kutufurahisha, unatunyima nafasi ya kukusaidia, na wewe unabaki na maumivu peke yako. Usinifanyie hivyo tena. Mimi si wa kufurahishwa, mimi ni wa kuambiwa."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Majirani hawapo. Nakuuliza mimi, na nakuuliza kweli. Unajisikiaje?"

Neno "mzima" lilikuwa limeshafika ulimini. Saikal akalimeza.

"Inauma, Bibi. Inauma sana. Na sitaki uende."

Bibi Batma alisimama. Alivua koti lake, akalitundika msumarini, akavua na viatu akavisukuma chini ya kitanda. Kisha akauangalia ule mpira umepita wapi.

"Babu yako anajua kuzalisha kondoo," alisema. "Sogea kidogo, nipate pa kulala."